Maji ya Nyumba Kumi na Sita

Mama Rosette hawezi kupita karibu na mfereji unaodondoka akauacha. Kanisani ataacha maombi katikati, aende chooni kukaza mfereji ambao mtu mwingine hakuufunga vizuri. Katika chumba cha kufulia, ambacho jengo zima tunakitumia, nimewahi kumwona akisimama nyuma ya mwanamke wa Kimarekani, akangoja amalize kuosha mikono, kisha akanyoosha mkono na kufunga maji bila kusema neno. Yule mwanamke alidhani anadharauliwa. Mimi nilidhani ni uzee tu.

Naitwa Truphosa. Ni muuguzi, mzaliwa wa Vihiga, na huu ni mwaka wangu wa tisa Fort Worth. Mama Rosette anakaa juu yangu, yeye na bintiye Esperance. Kwa miaka miwili na nusu sakafu yake ilikuwa dari yangu, na nilichojua juu yake kilikuwa kelele. Jumamosi asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, macho yananiwasha, nasikia tu! tu! tu! anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu. Siku moja nilimvizia Esperance kwenye maegesho nikachukua namba yake ya simu, si kwa urafiki, bali niwe namtumia malalamiko yangu kwa maandishi. Ndivyo nilivyo. Subira sikujaliwa, na usingizi wangu nauheshimu kuliko ninavyowaheshimu majirani.

Mengine yake nimeyajua baadaye, na naona haya kwamba niliyajua baadaye. Alizaliwa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Vita vya mwaka wa tisini na sita vilimvusha ziwa akiwa na watoto wawili. Mmoja alizikwa Kigoma kabla hata hawajapewa hema. Baada ya hapo ni kambi ya Nyarugusu, miaka ishirini na mbili. Kule maji yalifunguliwa saa chache asubuhi na saa chache jioni, basi. Mwanamke aliamka gizani kupanga ndoo zake kwenye foleni, na alimwona jirani yake akivunjwa jino kwa ugomvi wa ndoo moja. Mtu aliyeacha mfereji wazi kule hakusemwa vibaya tu, alipigwa. Kisha siku moja wakaitwa majina, wakapandishwa ndege, wakateremshwa Texas, ambako maji hutoka usiku na mchana na hakuna anayeyatazama. Esperance akapata kazi kwenye ghala moja Grand Prairie, zamu za saa kumi kwa siku, na mama akabaki ndani na televisheni asiyoielewa.

Sasa sikiliza hali ya hewa ya huku ilivyo kigeugeu. Jumamosi moja, mwisho wa Februari, ilikuwa nyuzi ishirini na saba. Watu walivaa kaptura, wakachoma nyama kwenye maegesho, mimi mwenyewe nikafungua madirisha yote. Redio ikasema baridi kali inateremka kutoka Kanada, itatufikia kesho yake. Nilimpigia dada yangu Whitney, ambaye anafanya kazi ya uuguzi Calgary, nimuulize kama ni kweli.

Akacheka sana. "Trufo, hiyo ni baridi yetu! Juzi tulikuwa minus twenty-five, leo tuko plus nine, snow yote imekuwa matope. Imehama, inakuja kwenu. Muipokee vizuri."

"Wachana na mimi," nikamwambia.

"Lakini skiza. Msikanyage barafu ya maji yenye yalipigwa na jua jana. Huku watu hawazami January. Huzama hii miezi ya mwisho ya winter, siku moja joto, siku moja baridi. Unaona imeshika, kumbe ni karatasi."

Nilimwambia Texas hakuna barafu ya kukanyaga, tukaagana.

Jumapili saa saba mchana bado nilikuwa natokwa na jasho. Saa tisa upepo uligeuka, ukaja kutoka kaskazini ukiwa na harufu ya chuma, na kabla ya jioni mvua iliyoanguka ilikuwa inagandia pale pale ilipoangukia. Ofisi ya majengo ilikuwa imebandika tangazo kwenye kila mlango, kwa Kiingereza: acheni mifereji idondoke usiku kucha ili mabomba yasipasuke. Esperance alikuwa amelisoma. Kabla hajaenda kwenye zamu ya ziada mchana ule aliifungua mifereji yote kidogo kidogo, akamwambia mama yake asiiguse. Kisha akaondoka, na barabara ikafungwa nyuma yake, akalala huko huko ghalani na wenzake.

Alfajiri ya Jumatatu umeme ulikatika. Nilijifunika kila nilicho nacho, nikamsikia Mama Rosette juu akitembea taratibu, jikoni, bafuni, jikoni tena. Saa mbili asubuhi umeme ulirudi, hita zikaanza kuvuma, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Saa tatu nilisikia mlio mmoja mzito ndani ya ukuta. Dari ya jikoni yangu ikavimba, ikapasuka, maji yakashuka na vipande vya dari juu ya jiko, juu ya meza, juu ya faili yenye vyeti vyangu vyote vya kazi.

Nilipanda ngazi kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilipiga mlango kwa ngumi. Mama Rosette alifungua akiwa na beseni mkononi, kitenge kimelowa mpaka magotini, soksi na kandambili miguuni, maji yakitiririka nyuma yake. Fundi wa jengo, Mmeksiko mmoja mpole, alikuwa ameshafika chini na kufunga maji ya jengo lote. Jikoni kwa mama mifereji yote ilikuwa imekazwa, imekazwa hasa.

"Mama, ni nani amefunga hizi taps?"

"Ni miye," akasema. "Ile maji ilikuwa inamwangika bure, mtoto yangu. Usiku mzima, to, to, to. Sikuweza kulala."

Hapo ndipo niliposema. Nitayaandika kama nilivyoyasema, maana nimechoka kuyabeba. "Umetumaliza! Nyumba kumi na sita hazina maji sasa juu yako. Kumi na sita! Watoto, wazee, wote! Hapa si kambini, mama. Hapa si kambini!"

Alinitazama, kisha akatazama chini, akainama kuendelea kuchota maji sakafuni. Mimi nikashuka kuokoa vyeti vyangu, na nikiri kwamba nilipokuwa nikishuka nilijisikia vizuri.

Baada ya saa moja na nusu nilikuwa nakausha karatasi kwa pasi. Simu ikalia. Ni Esperance.

"Dada Truphosa, pardon nakusumbua. Mama hashiki simu. Barabara yote ni glace, ni barafu, hawaturuhusu kutoka. Unaweza kucheki kama iko sawa?"

Nilipanda tena, safari hii polepole. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Sakafu ilikuwa imefutwa, beseni limegeuzwa juu chini, hita inavuma, na mama hayupo. Niliita jikoni, nikaita chumbani, nikachungulia hata nyuma ya pazia la bafu. Karibu na mlango palikuwa na sanduku la buti ambazo Esperance alimnunulia, bado zina karatasi ndani. Koti lake lilikuwa kwenye msumari. Lililokosekana lilikuwa bido moja la manjano, lile dumu la mafuta ya kupikia la lita ishirini, ambalo siku zote lilikaa pale kando ya mlango na mimi nilikuwa nikijiuliza wanaliweka la nini.

Nilijua palepale alikwenda wapi, kama vile nilimtuma.

Nyuma ya majengo yetu, ng'ambo ya uzio uliobomoka, kuna bwawa linalokusanya maji ya mvua. Ni kubwa kiasi, lina mabata na matete. Hakuna mahali pengine pa maji ambapo mtu asiyeendesha gari angeweza kufika kwa miguu. Nje upepo ulinipiga usoni hadi machozi yakatoka. Ardhi yote ilikuwa kioo. Nilianguka mara ya kwanza kwenye ngazi, mara ya pili kando ya magari, nikaanza kutembea nimeshika chochote kinachoshikika. Kwenye ile barafu laini iliyonyesha kama chumvi niliziona nyayo zake, ndogo, za kandambili, zinaenda upande mmoja tu. Nilitafuta zinazorudi. Sikuziona.

Nilikuwa naomba na kutukana kwa pamoja. Nilimwomba Mungu asimchukue, nikamtukana Esperance kwa kuchelewa, nikajitukana mwenyewe kwa maneno ambayo sitayaandika. Nyayo zilipita kwenye pengo la uzio, zikateremka ukingo, zikaingia bwawani. Bwawa lilikuwa jeupe tupu. Na hatua nne au tano kutoka ukingoni, kwenye ule weupe, palikuwa na tundu jeusi lenye kingo zilizovunjika, na kandambili moja ya bluu inaelea ndani yake.

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika barabarani. Maneno ya Whitney yalinirudia, karatasi, karatasi. Nikakaa chini. Nimefanya kazi hospitali miaka kumi na mitano. Nimefunga macho ya wafu wengi na mikono yangu haikutetemeka. Siku ile sikuweza kubonyeza tarakimu tatu za simu. Nilipoweza, yule wa dharura aliniambia kwa upole magari yote yako nje, barabara zimefungwa, watakuja watakapoweza. Nikamuuliza ni lini. Akasema hajui, lakini nisiingie majini.

Niliingia. Nililala kifudifudi nikajisukuma kwa viwiko hadi karibu na tundu, barafu ikilia chini yangu, nikatia mkono mzima ndani. Mkono uligusa matope. Palikuwa na kina cha mapajani tu, na nilipapasa huku na huku, nikashika matete, nikashika mfuko wa plastiki, nikashika tope. Kila nilichoshika nilidhani ni nywele. Hapakuwa na mtu. Nilijirudisha nyuma nikilia, na nilipoinua kichwa ndipo nilipoona upande wa matete barafu imevunjwa vipande vipande, njia nzima, hadi ukingo wa pili.

Nililizunguka bwawa nikamkuta ameketi nyuma ya kibanda cha pampu kilicho ukingoni, ameegemea ukuta. Kitenge kilikuwa kimeganda kikawa kama ubao. Mguu mmoja ulikuwa na soksi tu. Bido lilikuwa mapajani mwake, limejaa hadi shingoni, amelikumbatia, na vidole vyake vilikuwa vimeshika mkono wa bido kwa nguvu hata nilishindwa kuvibandua. Macho yalikuwa wazi. Hakuwa akitetemeka.

Watu wasiojua hufurahi mtu aliyepigwa na baridi akiacha kutetemeka. Mimi ndipo nilipoogopa kuliko pale kwenye tundu. Mwili ukiacha kutetemeka umekata tamaa, na moyo wa namna hiyo ukimtikisa tu mgonjwa unaweza kusimama. Sikuweza kumbeba juu ya barafu ile. Tungeanguka wote wawili na ningemuua kwa mikono yangu. Niliita, nikaita, mpaka fundi alipotokea kwenye uzio. Aliona, akarudi mbio, akaja na toroli lake la kusukumia majokofu. Tulimlaza taratibu kama kikapu cha mayai, tukamsukuma hatua kwa hatua, na bido likiwa bado mikononi mwake.

Tulimpeleka chumbani kwangu, ambako dari ilikuwa salama. Nilikata nguo zake kwa mkasi. Nilivua zangu. Niliingia naye kitandani, ngozi kwa ngozi, blanketi nne juu yetu, na mwili wake ulikuwa baridi hivi kwamba ulinichoma. Niliweka kiganja kwenye shingo yake nikahesabu mapigo. Yalikuwa machache, yanachelewa, na kila baada ya pigo moja nilidhani lingine haliji. Sijawahi kuogopa ukimya wa namna ile.

"Mama, ongea na mimi. Mama, unanisikia?"

Kisha midomo ikasogea, nikatega sikio.

"Nimepata moja tu," akasema, ulimi mzito. "Ingine kumi na tano. Nitarudi. Niache nipumzike kidogo."

Nilielewa. Alikuwa amepanga safari kumi na sita. Bido moja kwa kila nyumba, kama nilivyomhesabia mimi mwenyewe, juu ya barafu ile, na miaka sabini na moja mgongoni. Nilimkumbatia nikalia juu ya nywele zake na nikamwambia inatosha, mama, maji yamerudi, watu wote wamepata. Ulikuwa uongo. Baada ya robo saa meno yake yalianza kugongana, kisha mwili mzima ukaanza kutetemeka, nami nikamshukuru Mungu kwa kila mtetemeko. Gari la wagonjwa lilikuja baada ya saa moja na dakika arobaini.

Alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto. Uhai walimwokolea.

Esperance alifika hospitali kesho yake mchana, na nguo zile zile za kazi. Alipiga magoti kando ya kitanda akamshika mama yake uso kwa mikono miwili. "Mama, nani alikutuma inje? Nani? Sema tu jina."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Niliona midomo ya mama ikifunguka na nikangoja jina langu.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni kichwa yangu tu. Nilikuwa na kiu."

Esperance akainuka akanikumbatia, akalia begani kwangu, akaniita dada wa tumbo moja. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani mbele ya watu akashuhudia jinsi Mungu alivyomweka muuguzi chini ya nyumba yao. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitazama viatu vyangu. Tangu siku hiyo ananiletea samaki na ugali wa muhogo kwenye sahani iliyofunikwa, na kila tonge nalila nikisubiri siku atakayojua.

Mama alirudi nyumbani siku ya tisa, na siku hiyo, amini usiamini, ilikuwa nyuzi ishirini na sita. Watu walikuwa tena na kaptura. Nilijitolea kumbadilishia bandeji. Kila asubuhi saa nne napanda, naosha kidonda, nafunga upya, ananichemshia chai ya tangawizi, tunakaa. Ananisimulia Baraka. Anaulizia Vihiga. Ananifundisha majina ya samaki wa ziwani ambao sitawaona kamwe.

Wiki ya tatu nilishindwa. Nilikuwa nimeshika mguu wake mapajani nikamwambia, "Mama, leo jioni nitamwambia Esperance kila kitu."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nilikufokea. Kwamba ni mimi nilikwambia nyumba kumi na sita. Kwamba nilisema hapa si kambini."

Alitazama mguu wake, sehemu ambayo vidole havipo, kisha akanitazama mimi.

"Usimwambie."

"Mama, siwezi. Nikilala naliona lile tundu. Akinishukuru nataka ardhi inimeze. Wacha aniseme, wacha anichukie, nastahili."

"Esperance iko na hasira sawa baba yake. Akijua, hautapanda tena hii ngazi. Atakufungia mlango." Alivuta pumzi. "Weye unastahili, sawa. Na miye?"

Sikumwelewa, akaona kwamba sikumwelewa.

"Miye niko humu ndani miaka mbili na nusu," akasema. "Asubuhi Esperance anaenda, jioni anarudi amechoka, analala. Ile siku ulikuja kunitukana, njo ilikuwa siku ya kwanza mtu wa hii jengo kupiga mlango yangu."

Niliendelea kufunga bandeji, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Jioni ile Esperance alinishukuru tena, mbele ya mama yake, nami nikasema karibu, nikiogopa kumtazama yeyote kati yao.